Sehemu ya Pili

Msimamizi wangu wa tasnifu huandika maswali yake pembeni mwa karatasi, kwa penseli, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeona haya kuuliza. Katika rasimu yangu ya kwanza, pale niliposema kwamba nitachunguza namna watazamaji wa Pemba walivyozipokea filamu za Steven Kanumba, aliandika: "Kwa nini Kanumba?"

Nilijibu kama tunavyofundishwa kujibu. Niliongeza aya mbili. Nikasema ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa kiume wa Bongo Movie katika miaka yake. Kwamba alicheza na waigizaji wa Nigeria wakati sisi tulikuwa tukiwaona Wanigeria kwenye kanda tu. Kwamba alipofariki dunia Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28, watu walilia nchi nzima. Msimamizi akaweka alama ya vema na tukaendelea na sura ya pili. Mie nilijua nimemkwepa.

Jibu la kweli halifai kwenye tasnifu, kwa sababu halina pa kunukuliwa. Liko Madungu, Chake Chake, katika ukumbi wa nyumba ya bibi yangu mzaa mama, na linaanza na mjomba wangu.

Mjomba alikuwa akiuza vitu vya plastiki Darajani, Unguja: ndoo, mabeseni, vikombe vya watoto. Kila akija Pemba alikuwa na mizigo miwili. Wa kwanza wa Bibi: unga wa ngano, sukari, dawa ya kuchua magoti. Wa pili ulikuwa mfuko mweusi wa sidii, na huo haukuwa na mwenyewe. Ulikuwa wa mtaa mzima.

Mwaka 2010 ndipo waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba. Kabla ya hapo tulikuwa tukiishi kwa majenereta, na umeme ulikuwa kama mgeni: akija mnafurahi, akiondoka hamumuulizi anarudi lini. Nilikuwa na miaka 10. Mjomba akanunua TV ya chogo ya mtumba na deki, akavileta, akaviweka juu ya meza ambayo mpaka siku ile ilikuwa ya Msahafu na kandili. Msahafu ukahamishiwa kabatini kwa heshima zote. Bibi akasema maneno yake kuhusu shetani na nyumba anazoingia, akayamaliza, kisha akawa wa kwanza kukaa.

Baada ya Isha ukumbi ulijaa. Wanawake wa jirani juu ya mkeka, sisi watoto mbele kabisa, shingo juu. Wanaume walikaa barazani wakijidai wanazungumza siasa, lakini filamu ikifika pahala pa ugomvi mazungumzo ya nje yalikatika, na kuna mzee mmoja aliyekuwa akiuliza kupitia dirishani, "Kamwacha?" Hakuwahi kuingia ndani hata siku moja. Alizijua filamu zote.

Bibi alikuwa akisuka ukili. Mkono wake haukusimama ila Kanumba akilia.

Na Kanumba alikuwa akilia. Hilo ndilo lililotushangaza sisi watoto, zaidi ya magari na nyumba za ghorofa. Mwanamme mrefu, kifua kipana, kavaa suti, anakaa kitandani anashika kichwa, machozi yanatiririka bila kufutwa. Wanaume tuliokuwa tukiwajua walikuwa wakilia makaburini tu, tena kwa siri, nyuma ya kanzu. Bibi akamtazama akasema, "Huyu kijana machozi yake yapo karibu." Alikuwa anamsifu. Katika ujana wake, alipokuwa akikaa kwa shangazi yake Unguja, alipelekwa sinema akaiona Awara, na tangu siku hiyo mizani yake ya wanaume wa filamu ilikuwa Raj Kapoor. "Yule," alisema, "alikuwa akicheka huku analia. Huyu wenu analia tu. Lakini analia kweli."

Alizaliwa Shinyanga, Januari 8, 1984, na kwetu Shinyanga ilikuwa mbali kuliko Muscat. Muscat tuna jamaa. Shinyanga tulikuwa tukiisikia kwenye somo la jiografia, pamoja na almasi ya Mwadui. Alipitia kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilikuwa ikionyeshwa ITV mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha akaingia kwenye filamu za sidii pamoja na Vincent Kigosi, yule Ray. Johari iliwatoa wote, na ikamwachia Blandina Chagula jina ambalo anaitwa mpaka leo. Kulikuwa na Dar to Lagos, iliyomkutanisha na Wanigeria, Oprah aliyocheza na Ray na Irene Uwoya, na baadaye Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah mwenyewe. Hiyo ya mwisho Bibi alitukataza kuitazama kwa sababu ya jina. Tuliitazama nyumba ya tatu.

Majina ya filamu yalikuwa ya Kiingereza, mazungumzo ya Kiswahili, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza ambayo mwalimu wetu alituonya tusiyasome, yatatuharibu. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha bara na Bibi alikuwa akikisahihisha kwa sauti. Walikuwa wakiitana "bebi" mpaka siku moja akauliza, "Kwani huyo mtoto wanayemwita hivi, mbona hatumwoni?"

Hapo kwenye lugha nisimame kidogo. Mwaka 2009 Kanumba alialikwa kuitembelea nyumba ya Big Brother, akaonekana Afrika nzima, akazungumza Kiingereza chake, na Watanzania wakamcheka. Walimcheka kwa muda mrefu. Nilikuja kuyajua haya nikiwa mkubwa, na yakaniingia vingine baada ya siku niliyotetea pendekezo langu la utafiti. Nilitakiwa nizungumze Kiingereza, kwa sababu mmoja wa waliokuja kusikiliza hakuwa Mswahili. Katikati ya sentensi neno likanikimbia. Nikalitafuta. Nikaona watu wawili nyuma wakitazamana. Kijana wa Shinyanga aliyesimama mbele ya kamera za bara zima akiwa na miaka 25 aliendelea kuzungumza, na mie nilishika kona ya meza nikaendelea. Sijui kama hiyo ni sababu ya kitaalamu ya kuchagua mada.

Sisi watoto tuliipenda Uncle JJ kuliko zote, kwa sababu ndani yake mlikuwa na watoto wa rika letu, Jennifer na Patrick, na kwa mara ya kwanza tuliona watoto wa Kiswahili kwenye filamu wakisema maneno mengi kuliko "shikamoo". Mjomba akapata jina hapo. Akishuka tu kwenye gari tunamwita Uncle JJ, naye anavimbisha kifua, anaitanua mikono mbali na mbavu, anatembea kama Kanumba mpaka mlangoni. Mjomba alikuwa mfupi. Haikusaidia.

Asiyezijua filamu za zama zile lazima aelezwe jambo moja. Zilikuwa zikiuzwa vipande viwili. Sehemu ya kwanza sidii yake, sehemu ya pili sidii yake, na pesa mara mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa ikikatwa pahala pabaya kwa makusudi: mtu kashika kitasa cha mlango, mtu kafungua barua, mtu kaambiwa "Kuna jambo nilikuficha." Picha inaganda, muziki unapanda, majina yanapita. Dar es Salaam unashuka dukani kesho yake ukanunua kilichobaki. Madungu unamngoja Mjomba. Tulingoja wiki sita, tulingoja miezi mitatu, na katika kungoja tulikuwa tukibishana. Wanawake wakichota maji wanabishana kama mke asamehe. Mzee wa dirishani ana rai yake. Nimesoma nadharia nyingi kuhusu watazamaji mwaka huu, na bado naona hakuna iliyowaelewa watu wanaolazimika kungoja meli ndipo wajue mwisho wa kisa.

Julai 2011, mwezi wa Shaaban, Mjomba alileta sehemu ya kwanza ya filamu ambayo jina lake silitaji. Nikilitaja, kuna mtu ataniambia inavyokwisha. Ilikwisha Kanumba kasimama mlangoni, anataka kusema neno. Kisha Ramadhani ikaingia, na Bibi akaifunika TV kwa kanga mwezi mzima.

Idi ilikuwa mwisho wa Agosti. Mjomba hakuja, kwa sababu Sikukuu ndiyo wakati ndoo na vikombe vinanunuliwa. Alisema atakuja wiki ya baadaye. Ijumaa, Septemba 9, alipiga simu jioni, akazungumza na mama, kisha akaomba nipewe mie. "Mwambie Bibi unga nimeupata," akasema. "Na wewe, sehemu ya pili ninayo mkononi." Nikamuuliza kama kashaitazama. Akasema hapana, wallahi, tutaitazama pamoja.

Meli ilizama usiku ule karibu na Nungwi, ikija Pemba. Mengi yamesemwa kuhusu meli ile na mie sina la kuongeza. Najua ya nyumbani kwetu tu. Baba na binamu wa mama walivuka kwenda Unguja kutazama maiti Maisara. Walikaa siku nne. Waliporudi, Baba hakuzungumza na mtu kwa muda, na mpaka leo hajatueleza alichokiona. Mjomba hakuwemo miongoni mwa waliotambuliwa. Kama alikuwemo miongoni mwa wale wasiotambuliwa, waliozikwa kule kule Unguja, hatuwezi kujua. Na kama bahari ilimchukua, hilo pia hatuwezi kulijua. Akasaliwa sala ya ghaibu, khitma ikasomwa, wageni wakaondoka. Mtaani kwetu hapakuwa na nyumba iliyoweza kuifariji nyingine kwa muda mrefu, maana kila mmoja alikuwa na wake.

Bibi hakulia mbele yetu. Alisema aliyekufa maji ni shahidi, ndivyo tulivyofundishwa, na shahidi haliliwi kwa kelele. Alisuka ukili. Kanga ilibaki juu ya TV.

Miezi saba.

Jumamosi ile ya Aprili nilikuwa natoka chuoni, juzuu kifuani, mvua za masika zimeanza. Mtoto wa jirani akaja mbio. "Kanumba kafa." Nikamuuliza, "Katika filamu gani?"

Alikuwa amekufa usiku, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Siku ya maziko, Jumanne, Aprili 10, televisheni zilionyesha moja kwa moja. Mama hakuwa na nia ya kutazama. Bibi ndiye aliyesimama, akaitoa kanga, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mapaja yake, na kuniambia niiwashe. TV ilichukua muda kupata picha, kama mtu aliyeamshwa.

Watu walikuwa wamejaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, na waliokosa nafasi wamepanda juu ya miti na kuta. Wasichana walikuwa wakizimia na kubebwa juu juu. Makamu wa Rais, Dk. Bilal, alikuwepo, mke wa Rais alikuwepo. Ray alikuwepo, analia, na kwa sababu tulikuwa tumemwona akilia mara nyingi tulishindwa kujua tufanye nini na machozi haya. Ukumbi wetu ukajaa tena, mara ya kwanza tangu Shaaban. Hakuna aliyesema lolote mpaka jeneza lilipoonekana.

Ndipo Bibi akalia. Si kulia kwa adabu. Alijifunika uso kwa ile kanga iliyokunjwa na akalia kwa sauti ambayo sikuijua, sauti nzito inayotoka chini, mpaka mama akaja kumshika mabega. Bibi mmoja wa jirani, mtu mwema, akaona haya kwa niaba yake. Akamwambia taratibu, "Dada, mtu wa bara, si wa dini yetu, wala hakujui. Hivi unamlilia nini?"

Bibi akajibu ndani ya kanga, "Jeneza lake nimeliona."

Jirani akanyamaza. Wote walinyamaza, kisha mmoja baada ya mwengine wakaanza kulia, kila mtu wake.

Kwenye darasa la historia ya filamu tulisoma habari za Rudolph Valentino, aliyekufa New York mwaka 1926 akiwa na miaka 31, na makundi ya watu yaliyovunja vioo wakitaka kuuona mwili wake. Mhadhiri alilieleza kama mfano wa wazimu wa mashabiki, na darasa likacheka. Nilicheka pia. Baadaye, ndani ya daladala, nikawafikiria wanawake wale wa New York. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka minane tu. Nani ajuaye ni wangapi kati yao walikuwa na mtu aliyekwenda Ufaransa na hakurudi hata ndani ya sanduku? Sina ushahidi wa hili na halimo kwenye tasnifu. Lakini sicheki tena.

Ningependa kuishia hapo, kwenye huzuni iliyo safi. Lakini kulikuwa na msichana.

Chumbani Sinza walikuwa wawili, Kanumba na Elizabeth Michael, tunayemjua kwa jina la Lulu, mwigizaji aliyeanza kuonekana kwenye runinga akiwa mtoto mdogo. Palitokea ugomvi, Kanumba akaanguka, hakuinuka. Lulu akakamatwa, kwanza kwa shitaka la mauaji, ambalo baadaye likawa la kuua bila kukusudia. Mawakili wake walisema hajatimiza miaka 18, na umri wake ukabishaniwa mahakamani. Madungu hakuna aliyebishana. Kesi yake iliamuliwa barazani kwetu ndani ya siku moja. Wanawake waliowahi kumhurumia kila mke aliyefukuzwa kwenye kila sehemu ya kwanza hawakuwa na huruma hata ya kijiko kwa msichana huyu. Alikuwa anatafuta nini pale usiku? Nani kamlea? Na sisi watoto tuliwasikiliza wakubwa.

Tulikuwa na mwenzetu darasani, mrefu kuliko sisi, aliyewahi kukua. Kuna siku alionekana amesimama na kijana wa dukani. Mie ndiye niliyeanza kumwita Lulu. Lilishika, kwa sababu lilikuwa jina fupi na tamu, na kwa sababu kila mtu alijua lina maana gani. Aliitwa hivyo mwaka ule wote na uliofuata. Wavulana walikuwa wakimwita kutoka mbali, ng'ambo ya barabara, na yeye alikuwa akigeuka. Aliolewa kabla ya kumaliza Kidato cha Pili. Simaanishi kwamba aliolewa kwa sababu yangu. Namaanisha kwamba mara ya mwisho nilipomwona, gulioni, kambeba mtoto, nilimsalimu kwa jina lake la kweli na akanitazama kama anayengoja lile jengine.

Mahakama Kuu ilitoa hukumu Novemba 13, 2017. Nilikuwa katikati ya mitihani ya Kidato cha Nne, na nilikuwa na miaka 17. Niliisoma habari kwenye simu ya mama, chini ya shuka, wakati nilipotakiwa kuwa na kitabu cha baiolojia. Lulu alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka 2. Mwezi wa tano mwaka uliofuata alitolewa gerezani kumalizia adhabu yake kwa kutumikia jamii. Lakini kilichonishika usiku ule hakikuwa hukumu. Kilikuwa aya moja katikati ya habari, iliyoeleza utetezi wake: kwamba Kanumba alikuwa akimpiga usiku ule, kwa wivu wa simu, na kwamba alianguka mwenyewe.

Mahakama haikuukubali utetezi huo, na mie si mahakama. Waliokuwemo chumbani ni wawili na mmoja hawezi kuulizwa. Lakini niliisoma aya ile mara nne, na nilichokifanya kwanza ni kukataa, kwa hasira, kama ningemkatalia mtu anayemsema vibaya Mjomba. Huyu hawezi. Huyu analia. Huyu tunamjua.

Tunamjua wapi? Tulikuwa tunamjua kutoka kwenye sidii. Tulikuwa tumemwona akipiga magoti kuomba msamaha kwa wanawake ambao walilipwa wamsamehe. Nilikaa na jambo hilo na shuka kichwani, na nikakumbuka kwamba nina miaka 17, na nikajaribu kuwaza niko usiku kwenye nyumba ya mtu mzima anayependwa na nchi nzima, na nimepokea simu. Nikawaza baada ya hapo ningemwambia nani, na nani angeniamini. Bibi? Wanawake wa kwenye mkeka? Mie mwenyewe, mwenye miaka 12, nimekaa mbele ya TV?

Baiolojia nilipata D.

Hii ndiyo sehemu ngumu ya tasnifu, na ndiyo ambayo msimamizi wangu ameizungushia duara. Nimependekeza kuwahoji watazamaji wa Pemba jinsi walivyoyapatanisha maisha ya Kanumba wa filamu na yale yaliyosemwa mahakamani. Mpaka sasa nimezungumza na wanawake kumi na wawili. Wengi wao hawajayapatanisha, na wameniambia hivyo bila haya. Mmoja alisema, "Mie nilimpenda yule wa kwenye TV. Huyo mwengine simjui, na wewe humjui, na usinilazimishe." Nimeliandika jibu lake kama lilivyo. Nadhani ni jibu la kweli kuliko aya zangu mbili.

Naishi Mwenge sasa, na Kinondoni si mbali. Ilinichukua mwaka mzima kwenda makaburini. Nilikwenda siku ya kazi, saa nne asubuhi, nikijiambia ni utafiti, na daftari mkononi. Mlinzi hakuniuliza namtafuta nani. Alinitazama, akanyoosha kidole upande wa kaburi lake. Nadhani wasichana wa umri wangu wenye daftari huja kwa mtu mmoja tu. Nilisimama. Dua zangu si za kaburi lile na sikutaka kumsomea kitu ambacho hakukiomba. Nikamwambia shikamoo, kwa sababu ndivyo ningemwambia angeingia ukumbini kwetu, kisha nikaona haya, maana nimebakisha miaka 3 tu nifike umri wake. Daftarini sikuandika kitu. Nilipotoka nikampigia Bibi.

"Umemwona?" akauliza.

"Nimeona kaburi, Bibi."

"Lina kivuli?"

Nikageuka kutazama. Nikamwambia lina kivuli kidogo, cha asubuhi. Akasema vyema. Akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akaniuliza kama nimekula.

Idi Kubwa mwaka huu nilikwenda nyumbani. Nilivuka kwa boti ya mchana. Ya usiku Bibi hataki hata kuisikia, na mie sijawahi kumbishia. Macho yake yamepungua na ukili anasuka kwa vidole tu. TV ya chogo ilikufa zamani, ipo stoo, na juu yake mmewekwa makarai. Usiku wa pili, watu wameshalala, alinikuta ukumbini na simu yangu, nikifanya kazi. Nilikuwa naorodhesha filamu. Nyingi sasa zimo humo humo, YouTube, sehemu zote mbili, bure. Ile filamu nami nilikuwa nimeiona kwenye orodha tangu mwaka jana, na kila nikifika hapo nilikuwa nikiipita.

Akakaa mkekani, taratibu, mkono kwenye goti. "Ile ya mlangoni," akasema. "Imo humo?"

Sikujua kama anaikumbuka. Miaka 14 hatujawahi kuitaja.

"Imo, Bibi."

"Sehemu ya pili?"

"Zote mbili."

Nikaisogeza simu, nikaiegemeza kwenye kikombe ili aione kwa karibu. Kidole changu kikawa juu ya ile ya pili. Bibi akanishika mkono.

"Anza na ya kwanza," akasema. "Nimesahau nani kamkosea nani."